Alama ya Kuuliza Iliyozaliwa Kwenye Sataranji

Mara ya kwanza kuliona neno "kitabus" nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Lilikuwa kwenye kompyuta ya maktaba ya shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja. Mwanafunzi anaandika namba yake, ukurasa unamjibu: "Una 3 kitabus." Aliyenitangulia kwenye kazi ile alipokea programu iliyoandikwa kwa Kiingereza, akabadilisha neno mojamoja kama fundi anayebadilisha balbu. Ile "s" hakuiona kwa sababu haikuwa ndani ya neno. Ilikuwa pembeni, imejibanza kwenye mstari huu:

$n . " kitabu" . ($n == 1 ? "" : "s")

Kwa msomaji asiyeandika programu: alama ya kuuliza hapo inauliza kweli. Je, $n ni sawa na 1? Ikiwa ndivyo, chukua kilicho kabla ya nukta pacha, yaani maneno matupu. La sivyo, chukua kilicho baada yake, yaani "s". Ni njia fupi ya kusema kile ambacho kwa if na else kingechukua mistari minne au mitano. Wenyewe wanaiita opereta ya masharti. Wengine huiita opereta ya sehemu tatu, kwa kuwa inahitaji vitu vitatu ndipo ikamilike: swali, jibu la ndiyo na jibu la hapana.

Nilirekebisha mstari ule siku hiyohiyo, kwa dakika tano, tena kwa mbwembwe. Marekebisho yangu yalikuja kumtesa mtoto wa watu, na hilo nitalisimulia nikifika. Lakini ni kisa hicho kilichonifanya nianze kuuliza alama hii ilitoka wapi, nani aliitaka, na kwa nini kuna watu wazima wenye heshima zao wasiotaka hata kuiona.

Tuanze 1957. Kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN, lugha iliyobuniwa na John Backus na wenzake ili wanasayansi waandike hesabu zao kwa fomula badala ya tarakimu za mashine. Kwa hesabu ilikuwa neema. Kwa masharti ilikuwa kama njia panda isiyo na kibao. IF ya FORTRAN ile ilipokea hesabu moja na namba tatu za mistari: jibu likiwa chini ya sifuri nenda mstari huu, likiwa sifuri nenda ule, likizidi sifuri nenda wa tatu. Basi. Haikuwa na else. Ukitaka kusema kitu kidogo tu, mathalani "chukua kubwa kati ya A na B", unaipeleka programu mstari wa 20, kule unaweka thamani, unaruka kwenda mstari wa 40 ili usije ukapita mstari wa 30, na kadhalika. Anayesoma anabaki kukimbizana na namba kama anayemtafuta mtu kwenye mtaa usio na majina.

Mmoja wa waliochoshwa na safari hizo alikuwa John McCarthy. Kati ya 1957 na 1958 alikuwa akiandika kwa FORTRAN vipande vya programu vya kukagua hatua halali za sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, kwenye mashine ya IBM 704 iliyokuwa MIT. Sataranji ni mchezo wa masharti matupu: kete hii inaweza kwenda pale ikiwa hakuna kete nyingine njiani, na ikiwa mfalme habaki wazi, na ikiwa, na ikiwa. McCarthy akajitengenezea funksheni aliyoiita XIF. Unaipa vitu vitatu, XIF(M, N1, N2), nayo inakurudishia N1 au N2 kutegemea kama M ni sifuri au la.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo zima. IF ya zamani ilikuwa amri: nenda huku, nenda kule. XIF ilikuwa hesabu yenye jibu. Unaweza kuichukua nzima ukaiweka katikati ya hesabu nyingine, ukaijumlisha na 7 au ukaizidisha kwa 2, kama unavyofanya kwa namba yoyote. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ni tofauti kati ya kumwambia mtu "nenda sokoni" na kumpa nyanya mkononi.

Na hata katika lugha yetu amri na jibu havina tabia moja. "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Je, ukiuziba? Methali imekaa kimya, na hakuna anayelalamika. Onyo linaruhusiwa kuwa na upande mmoja. Jibu haliruhusiwi. Nikikuuliza bei ya samaki, ukanijibu "akiwa mkubwa, elfu kumi" kisha ukanyamaza, sijajua bei. Ndiyo maana if inaweza kusimama bila else, lakini alama ya kuuliza bila nukta pacha yake kompyuta inaikataa papo hapo.

XIF ilikuwa na kasoro, na McCarthy aliigundua mapema. FORTRAN, kabla ya kuingia ndani ya funksheni yoyote, ilikuwa inakokotoa kwanza kila kitu kilichomo kwenye mabano. Yaani N1 na N2 zote zinapikwa, halafu ndipo M inaulizwa ipi iliwe. Ni kama mwenyeji anayepika pilau na ugali, vyote viwili, kisha anamgeukia mgeni: "Utakula kipi?" Kuni zimeteketea bure. Na kuna ubaya zaidi ya kuni. Wakati mwingine chakula cha pili hakipikiki. Chukua sharti la kawaida: kama B ni sifuri toa sifuri, la sivyo toa A gawanya kwa B. Ukikokotoa pande zote kabla ya kuuliza, umeshagawanya kwa sifuri kabla sharti halijapata nafasi ya kukuokoa.

Au chukua faktoria, ile ya 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Unaweza kuieleza kwa sentensi moja: kama n ni sifuri jibu ni 1, la sivyo ni n mara faktoria ya n kutoa 1. Ni maelezo mazuri, yanajirejelea yenyewe yakishuka ngazi mpaka chini. Lakini kwa mwenyeji wetu wa pilau na ugali hayana mwisho: hata akifika sifuri bado atataka kukokotoa upande wa pili, ambao utamtaka faktoria ya hasi 1, kisha hasi 2, mpaka mashine izimwe. McCarthy aliona kwamba kinachotakiwa si funksheni ya kawaida bali umbo jipya la lugha, linalouliza kwanza kisha kukokotoa upande mmoja tu uliochaguliwa. Akaliandika kwa mishale: sharti, mshale, thamani, sharti, mshale, thamani. Juu ya msingi huo, na ule wa funksheni zinazojiita zenyewe, akajenga LISP, ambayo makala yake maarufu ilichapishwa Aprili 1960.

Wakati huohuo alikuwa mwanakamati wa Algol, lugha iliyokuwa ikibuniwa kwa pamoja na Wamarekani na Wazungu. Akapendekeza umbo lake lichukuliwe. Algol ya 1958 haikulichukua. Akaandika makala fupi kwa jarida la Communications of the ACM. Wahariri wakaishusha hadhi ikatoka kama barua kwa mhariri tu, kwa sababu ilikuwa fupi mno. McCarthy mwenyewe alisimulia hayo mwaka 1978, na miaka karibu ishirini baadaye bado unaisikia kero yake. Wanaoandika na kukataliwa na wahariri mnaelewa. Hata hivyo Januari 1960, kamati ilipokutana Paris watu 13, umbo lile lilipita, sasa likiwa limevaa maneno ya Kiingereza: if, then, else. Katika Algol 60 maneno hayohayo yanatumika kwa amri na kwa jibu pia. Kwa hiyo wanaodhani alama ya kuuliza ni kifupisho kilichokuja baadaye kupunguza if-else ya asili wanakosea kidogo. Umbo lenye jibu, lenye pande mbili kamili, lilikuwapo tangu mwanzo. Lilizaliwa pamoja na else yenyewe, pengine hata lilitangulia.

Alama zenyewe zilikuja kwa njia ya Uingereza. Christopher Strachey na wenzake wa Cambridge na London walibuni CPL mwanzoni mwa miaka ya 1960, lugha kubwa kuliko uwezo wa mashine za wakati ule. Martin Richards wa Cambridge akaipunguza ikawa BCPL, akiibuni mwaka 1966 na kuifanyisha kazi mwaka uliofuata akiwa MIT. Humo sharti liliandikwa kwa mshale na mkato: swali, mshale, jibu la kwanza, mkato, jibu la pili. Ken Thompson wa Bell Labs, New Jersey, alipoibana BCPL iingie kwenye kompyuta ndogo na kuiita B, mshale ukatoka ikaingia alama ya kuuliza, na mkato ukawa nukta pacha. Dennis Ritchie akaikuza B ikawa C mwanzoni mwa miaka ya 1970, na C ndiyo mama wa nusu ya mji: C++, Java, JavaScript, PHP na nyingine nyingi zimerithi alama zile mbili bila kuuliza zimetoka wapi.

Sasa turudi kwenye "kitabus" yangu. Kitabu ambacho Brian Kernighan na Ritchie walikiandika kuhusu C, hasa toleo lake la pili la 1988, kinapofika kwenye opereta hii kinatoa mfano wa kuchapisha idadi ya vitu, na mfano huo unabandika "s" pale idadi isipokuwa 1. Kizazi kizima kilijifunzia hapo. Siwalaumu waandishi, kwa Kiingereza mfano ule ni mzuri na mfupi. Ila nilipousoma nilihisi kama mtu aliyekutana na babu wa mwizi wake.

Maana tatizo si kwamba Kiswahili hakina "s". Tatizo ni kwamba mstari ule umeamini wingi hukaa mkiani mwa neno. Kwetu wingi unaingilia mlango wa mbele, kitabu na vitabu, kisha unapita chumba kwa chumba ukibadilisha mapazia: "Kitabu 1 kimeazimwa," "Vitabu 3 vimeazimwa." "Ujumbe 1 umefutwa," "Jumbe 3 zimefutwa." Huwezi kuchomeka herufi moja ukamaliza. Sharti lazima lichague kati ya sentensi mbili nzima.

Na kuna mahali ambapo walilifahamu hilo. Mfumo wa tafsiri wa gettext, unaotumiwa na programu nyingi huria, unamtaka kila mtafsiri aweke juu ya faili lake kanuni ya wingi wa lugha yake, na kanuni hiyo huandikwa kwa alama zilezile za C. Ya Kiswahili ni fupi: maumbo 2, na swali moja la kama n si 1. Kijapani hakiulizi kitu. Kiarabu kina maumbo 6, na ukifungua faili la Kiarabu utakuta alama za kuuliza tano zimefuatana kwenye mstari mmoja: sifuri, moja, mbili, chache, nyingi, nyinginezo. Sarufi nzima ya hesabu ya Waarabu imekunjwa kwenye kifaa cha mtu aliyekuwa akihangaika na kete za sataranji. Mimi naona huo ndio mstari mzuri kuliko yote ya aina yake, ingawa hausomeki kirahisi.

Kutosomeka huko ndiko kumeleta ugomvi. Niklaus Wirth, alipotoa Pascal mwaka 1970, aliliacha kabisa umbo lenye jibu. Akabaki na if ya amri. Python iliishi miaka mingi bila hilo, na watu wakajitungia ujanja wa "sharti and A or B", ambao unafanya kazi vizuri mpaka siku A yenyewe ni sifuri au maneno matupu, hapo unapewa B bila onyo. Mwaka 2003 jumuiya yake ilipiga kura juu ya maumbo kadhaa yaliyopendekezwa, pasipatikane mshindi. Mwishowe Guido van Rossum akaamua mwenyewe, na Python 2.5 ya Septemba 2006 ikaja na umbo lililogeuzwa, jibu la ndiyo likitangulia swali. Visual Basic nayo ilikuwa na funksheni ya IIf inayokokotoa pande zote mbili kabla ya kuuliza. Pilau na ugali tena! Kosa la 1957, limevaa shati jipya.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni habari ya Thompson. Mwaka 2009 Google ilitangaza lugha ya Go, iliyobuniwa na Robert Griesemer, Rob Pike na huyohuyo Ken Thompson. Go haina alama ya kuuliza. Maelezo yake rasmi yanasema kwamba wabunifu waliiona ikitumika mara nyingi mno kutengeneza mistari isiyopenyeka, na kwamba if-else, japo ndefu, iko wazi zaidi. Aliyetuletea alama zile miaka arobaini nyuma alikuwa mezani zilipoachwa nje. Sisemi alijuta. Nasema tu alikuwapo.

Na FORTRAN, iliyoanzisha hasira yote? Kiwango chake kipya, cha 2023, kimeingiza sharti lenye jibu, kwa mabano, alama ya kuuliza na nukta pacha. Miaka 66 tangu ile IF ya njia tatu. McCarthy hakuiona, alifariki 2011.

Nilisema nitarudi kwa mtoto wa watu. Siku ile ya mbwembwe niliifuta ile "s" nikaandika hivi:

$n == 0 ? "Huna kitabu" : $n == 1 ? "Una kitabu kimoja" : "Una vitabu $n"

Nilijaribu kwa 1, sawa. Nikajaribu kwa 3, sawa. Sifuri sikuijaribu. Nilikuwa nimejifunzia C, ambako alama hizi zikifuatana husomwa kutoka kulia: kama si sifuri, ndipo uulize kama ni moja. PHP ya wakati ule ilizisoma kutoka kushoto. Yaani ilichukua swali la kwanza pamoja na majibu yake, ikalifanya zima kuwa swali la pili. Kwa sifuri, swali la kwanza linatoa "Huna kitabu". Maneno hayo si matupu, kwa hiyo PHP inayahesabu kuwa ndiyo. Kwa hiyo jibu ni "Una kitabu kimoja". Kila asiyekuwa na deni la maktaba, programu yangu ilimpa deni la kitabu kimoja. Baadaye wenye PHP wenyewe waliona aibu: toleo la 7.4 la mwaka 2019 lilianza kuonya juu ya kufuatanisha alama hizi bila mabano, na la 8.0 mwaka 2020 likakataa kabisa. Mimi nilikuwa nimewahi.

Ilikuwa msimu wa kidato cha nne kumaliza. Mwalimu wa maktaba, mama mtu mzima, alinipigia simu jioni. "Mwanangu, hebu niambie, hii mashine yako inasema kijana huyu ana kitabu kimoja. Yeye anaapa karudisha vyote. Na mimi daftari langu linasema karudisha vyote. Nimwamini nani?"

Nikamuuliza kitabu gani. "Ndiyo nakuuliza wewe," akasema. "Haisemi kitabu gani."

Kijana alikuwa na fomu ya kumaliza shule, ile inayogongwa mihuri idara kwa idara. Maktaba ilikuwa ya mwisho. Alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara moja kukitafuta kitabu ambacho hakikuwapo; nauli ya basi kwenda, nauli ya basi kurudi, mama yake akiwa amepekua hadi chini ya vitanda. Mwalimu alimgongea muhuri siku ileile kwa kuliamini daftari lake, akaniachia mimi mashine yangu.

Usiku ule niliufungua mstari wangu. Ungeweza kuponywa kwa mabano mawili tu, na nilijua hivyo. Nikaufuta wote nikaandika if, kisha else if, kisha else, kila moja na sentensi yake kamili kwenye mstari wake. Nikajaribu kwa 3, kwa 1, na kwa sifuri. Kesho yake niliomba jina la kijana nimrudishie nauli. Mwalimu akasema ameshaondoka kwao.